Majina Kumi na Tisa Kichwa Chini

Kadi ya harusi ya Divine ilinifikia Mwanza kwenye simu, na chini yake kulikuwa na kiramani cha kuwaelekeza wageni ukumbini. Nilikikuza kwa vidole, nikakunja uso. Jina la mtaa wa Masoro lilikuwa limelazwa juu ya barabara mpaka barabara yenyewe haionekani, na jina la ukumbi limebanwa kati ya mistari miwili, halina pa kupumulia. Mume wangu akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni mtu tu hajui kubandika majina. Akacheka, maana amenizoea. Nimekula chumvi nyingi, nimeuza vitenge miaka zaidi ya ishirini, nimezaa na nimezika, lakini kazi iliyonikaa mwilini ni ile niliyoifanya mwaka mmoja tu, mwaka wa tisini na mbili, pale Kigali: kazi ya kuweka majina kwenye ramani. Mpaka leo nikiona jina limekaa vibaya, iwe kwenye ukuta wa duka au kwenye chupa ya dawa, vidole vinaniwasha.

Beata, mama yake Divine na mwenzangu wa kazi ile, alinipokea kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Niliposhuka kwenye basi sikumwona, nikamsikia. Alikuwa anawasukuma wabeba mizigo kwa kiwiko akiita, "Zena! Zena weee! Uko napita wapi? Niko hapa!" Tulikumbatiana katikati ya magunia ya viazi, watu wakitupita huku na huku na mmoja akitutukana kwa kuziba njia. Akanirudisha nyuma kidogo anitazame. "Sha, weye umekuwa mzee," akasema. Nikamwambia aende akajitazame kwenye kioo kwanza. Alinipeleka kwake Nyakabanda, mtaa nilioishi nikiwa msichana, siku hizi una maduka ya mafundi cherehani na wachomea vyuma kila mlango. Kesho yake, siku moja kabla ya harusi, tuliketi kwenye ua wa nyuma tukimenya ndizi za kupika, beseni katikati yetu, yeye upande huu na mimi upande ule. Tulikuwa tumekaa vilevile tulivyokaa mwaka mzima tukiwa na miaka ishirini na ushee, na nadhani ndiyo maana yote yalirudi kwa mkupuo.

Chumba chetu cha kazi kilikuwa ghorofa ya pili, kirefu, chenye dirisha upande mmoja na ukuta mtupu upande wa pili, na kilinukia nta kama kanisa. Katikati palikuwa na meza ya kioo yenye taa chini yake, pana kama kitanda cha watu wawili. Juu ya kioo ndipo ilipolala ramani ya mji, kwenye karatasi kubwa ya plastiki inayopenya mwanga. Barabara, mito na milima ilikuwa imeshachorwa na watu wengine. Sisi tulikuwa watu wa majina. Majina yalikuja yamepigwa chapa kwenye utando mwembamba uliopakwa nta kwa nyuma. Unakata jina kwa wembe, unaliinua kwa ncha, unalishusha mahali pake, unaliangalia, ukiridhika unalisugua kwa mgongo wa kijiko cha chai mpaka lishike. Inaonekana kazi ya mchezo. Lakini mji wa Kigali una milima iliyosongamana, na kila mlima una jina, na kila bonde lina jina, na karatasi haiongezeki.

Mkuu wetu alikuwa Papa Mulamba, mchoraji mzee kutoka Bukavu, mwenye suruali iliyopandishwa hadi kifuani na miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji la uso. Yeye ndiye aliyetufundisha kila kitu. "Jina ni mugeni, banangu," alikuwa akisema. "Munamupatia kiti, lakini haweze kukalia mutoto ya nyumba." Mtoto wa nyumba ndiyo barabara, ndiyo mto, ndiyo chochote kilichokuwapo kabla ya jina kuletwa. Jina la mto alitaka lipinde pamoja na maji. Jina la mlima hakutaka liwekwe kileleni, kwa sababu, alisema, kileleni huwa hakuna mtu, kuna upepo na majani. Mlima kwa watu wa hapa ni wale wanaokaa ubavuni mwake, kwa hiyo herufi zake zitawanywe, moja huku, moja kule, ziwafikie wote. Nilipenda sana hilo. Nilikuwa nikiweka herufi za mlima nikiwafikiria watu walio katikati ya herufi mbili, wanachemsha maharage, hawajui kwamba niko juu yao na kijiko.

Beata alikuwa mwenzangu wa meza. Alikuwa mrefu, mkimya mwanzoni, Kiswahili chake cha kuokoteza mjini, na mimi wa Nyakabanda niliyekulia kwenye Kiswahili nilimcheka bila huruma. Alikuwa hakasiriki. Ananiacha nicheke mpaka nichoke, kisha anasema neno moja la kunimaliza. Mimi nilikuwa na mikono ya haraka, yeye alikuwa na mikono ya uhakika. Mimi nilibandika majina kumi na kurudia matatu, yeye alibandika sita na kuinuka. Mchana tulikula kwenye kijichumba cha nyuma palipotundikwa ramani kuukuu. Yeye alileta isombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli la bati lililofungwa kitambaa, mimi chapati za jirani yangu, tukachanganya. Ukuta wa kile kijichumba ulikuwa mbao tu, na upande wa pili walikaa makarani wanaume wenye redio. Mwanzo wa mwaka walikuwa wakibishana habari za vyama vya siasa kwa kelele, mpaka Papa Mulamba agonge ukuta kwa rula. Kufikia mwezi wa tisa walikuwa wananong'ona. Beata akisikia minong'ono ile alikuwa anaacha kutafuna.

Sasa niseme jinsi tulivyokaa, kwa sababu kila kitu kinatoka hapo. Kwenye ramani kaskazini huwa juu. Kwa hiyo aliyekaa upande wa kusini wa meza aliyaona majina yote yamesimama sawasawa, na aliyekaa mkabala naye, upande wa kaskazini, aliyaona yote kichwa chini. Huyo wa kaskazini alilazimika kubandika kila jina likiwa limepinduka machoni pake, ili liwe sawa kwa msomaji. Inachosha akili. Siku mbili za kwanza kichwa kinauma, siku ya tatu mikono inazoea, na ikishazoea inafanya yenyewe bila kukuuliza. Kiti cha kusini kilikuwa dirishani, cha kaskazini ukutani, na kwa amri ya Papa Mulamba tulibadilishana viti kila Jumatatu ili mateso yagawanywe.

Tulikuwa wawili na nafasi ya kudumu ilikuwa moja. Tuliambiwa tangu siku ya kwanza: ramani ikiisha, mkaguzi atakuja, na mmoja atabaki. Hatukuwa tunalizungumza. Mimi niliitaka ile kazi kwa moyo wangu wote, maana nilikuwa sijawahi kuwa hodari kwa jambo lolote kabla yake. Beata sikujua anaitakia nini. Sikumwuliza, na leo naona nilikuwa sitaki kujua.

Ikafika wiki ya mkaguzi, mwezi wa kumi na moja, mvua haikatiki. Wiki iliyotangulia Beata alikuwa ameketi ukutani, kaskazini. Jumatatu ilikuwa zamu yake kuhamia dirishani, lakini alikuja anakohoa, macho mekundu kwa homa, na dirisha lile lilipitisha baridi. Papa Mulamba akamwangalia, akasema, "Bon. Abakie kwa ukuta. Tutageuza karatasi, tusigeuze bantu." Akaizungusha ramani nusu mduara juu ya kioo. Kwa hiyo Beata, bila kuhama kiti, sasa alikuwa kusini, na mimi niliyebaki dirishani nikawa kaskazini. Kisha Papa akavaa koti lake akaenda Butare kwa shughuli za ofisi, akituachia neno kwamba atarudi Ijumaa pamoja na mkaguzi.

Mikono ya Beata haikupata habari. Kiti kilikuwa kilekile, ukuta ni uleule mgongoni, na homa ilikuwa inampanda. Alianza kwenye bonde la Nyabugogo, mahali palipokuwa hapajabandikwa hata jina moja la kumshtua, akakata, akainua, akageuza kichwa chini kama alivyozoea wiki nzima, akabandika. Jina la kwanza, la pili, la tatu. Mimi nikiwa mkabala naye niliyaona majina yake vizuri kabisa, yamenisimamia wima, nikayasoma kwa raha. Nilifika la tano ndipo nilipogundua kwamba sikutakiwa kuyasoma kwa raha. Mimi ndiye niliyekuwa kaskazini.

Nilifungua mdomo. Kisha nikaufunga.

Nataka niliandike hili kama lilivyokuwa, kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikijidanganya kwamba nilisahau, au kwamba nilidhani ataona mwenyewe. Sikusahau. Niliona, nikanyamaza, na nilijua kwa nini nimenyamaza. Nilijiambia kwamba nikitoka chooni nitamwambia. Nilijiambia kwamba baada ya chai. Jumanne nilijiambia kwamba anaumwa, asisumbuliwe, tazama jinsi shetani anavyojua kuvaa kanzu ya huruma. Jumatano majina yalikuwa kumi na tisa, bonde zima limepinduka, na mimi nilikuwa nikifanya kazi upande wangu nimeinamisha uso. Beata alikuwa ananisalimia kila asubuhi kama kawaida. Alinimiminia chai. Roho ilinisuta mpaka chai ikawa haina ladha.

Alhamisi mchana alileta isombe yenye sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, na akasukumia wengi upande wangu wa bakuli. Huku tunakula akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema mwaka mzima. Ana mtoto. Wa kike, wa miaka miwili, jina lake Divine, anakaa kwa mama mmoja jirani kwa sababu mwenye nyumba wake hataki msichana mwenye mtoto asiye na baba. Akipata kazi ya kudumu atapanga chumba kingine na atalala na mwanawe. "Ni hicho tu naomba Mungu," akasema. "Kurara na yeye." Nyuma ya mbao makarani walikuwa wananong'ona. Niliweka chini chapati yangu.

"Beata," nikasema, "majina yako yako kichwa chini."

Akanitazama.

"Bonde lote. Tangu Jumatatu. Papa aligeuza karatasi, wewe hukugeuka nayo. Niliona tangu Jumatatu, sikukwambia. Nilitaka kazi." Nilikuwa nalia tayari, na nilisubiri anipige bakuli.

Alifuta mdomo kwa kitambaa. Kisha akasema, "Ihorere, Zena," nyamaza, usilie, kama anavyoambiwa mtoto aliyeanguka. "Twende tugeuze."

Tuligeuza mchana wote uliobaki. Nta ikishashika siku tatu haitoki kwa upole. Unapitisha wembe chini yake, unashikilia pumzi, na herufi moja ikichanika unatafuta nyingine kwenye mabaki na kuiunganisha kwa ncha ya sindano. Mimi niliinua, yeye akashusha. Hatukusema neno ila majina: Gatsata, leta; Kimisagara, ngoja, pole pole. Saa kumi na moja jina la kumi na tisa lilikaa mahali pake. Upande wangu wa ramani ulikuwa umebaki na milima mitatu bila majina, na muda umekwisha.

Ijumaa mkaguzi aliinama na kioo chake cha kukuza, akapita bonde zima la Nyabugogo bila kusimama. Akafika kwenye milima yangu mitatu, akasimama. Kazi akapewa Beata. Sikuona uchungu niliodhani ningeuona. Niliona wepesi, kisha nyumbani nikalia siku mbili. Kabla sijaondoka Papa Mulamba alinivuta pembeni, akashusha miwani ya kwenye paji juu ya ile ya puani. "Niliona nta," akasema. "Kila jina ya bonde iko na kivuli ya nta ya zamani chini yake. Siulizi." Akaninunulia Fanta, akanitazama nikiinywa mpaka mwisho.

Mwaka uliofuata niliolewa, nikahamia Mwanza. Mwezi wa pili wa mwaka wa tisini na nne nilirudi Kigali kwa wiki moja kumzika shangazi. Siku ya kuondoka, Beata alikuja mpaka kwenye magari yaendayo mpakani Rusumo akiwa amemshika mtoto mkono, na mfuko mmoja. "Kaa na yeye kidogo," akaniambia. "Mambo hapa si mazuri." Divine alikuwa na miaka mitatu na ushee. Hakulia, alipanda, akakaa mapajani mwangu, akatapika tulipofika Kibungo. Yaliyokuja baada ya hapo sitayaandika. Wenye nayo wapo, na wanaweza kuyasema wenyewe wakitaka. Mimi niliyapata kwa redio, nikiwa na mtoto aliyeniuliza kila Jumapili mama anakuja lini. Beata alikuja baada ya miaka miwili. Alikuwa amebaki peke yake kwao. Divine alijificha nyuma ya kanga yangu, na Beata akakaa chini sakafuni, mbali kidogo, akasubiri siku nzima mpaka mtoto akamwendea. Siku zote niliamini alinipa mwanawe kwa sababu gari langu ndilo lililokuwa linaondoka siku ile.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza pale uani Nyakabanda, ndizi mkononi, na labda uso wangu ulinisaliti, kwa sababu Beata alisema bila kuinua macho, "Uko nawaza zile jina."

"Nawaza jinsi nilivyokuwa mshenzi," nikamwambia. "Siku tatu, Beata. Sijawahi kukuomba msamaha vizuri."

Akaendelea kumenya. "Nikwambie kitu? Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kama ziko kichwa chini. Jumatatu ile ile, mchana. Weye ukisoma, midomo inatembea. Hujijui. Ukikaa kaskazini inatembea pole pole, unahangaika. Ile siku iko natembea haraka, kama unasoma gazeti. Nikasema, ee, huyu mbona anasoma jina zangu vizuri hivi? Nikaangalia mikono yangu. Mana yanjye, Mungu wangu!"

Kisu kilinitoka kikaanguka kwenye beseni. "Na hukuzigeuza?"

"Jina kumi na mbili nilikosea," akasema. "Saba zingine nilibandika makusudi."

Mwanamke huyu, ambaye nimembebea aibu miaka thelathini na zaidi, alikuwa anachagua ndizi nyingine kwenye mkungu kana kwamba amenieleza bei ya chumvi.

"Mwaka ule watu wote walikuwa naongea sauti chini," akasema. "Unakumbuka kule nyuma ya mbao? Nilikuwa nataka kujua nimekaa mbele ya mutu gani. Kama ungenyamaza, Alhamisi jioni ningegeuza peke yangu. Salamu ningekupa kila asubuhi. Lakini basi, hapo tu."

"Na habari ya mtoto? Uliniambia Alhamisi ileile."

"Hapo nilikusaidia kidogo," akasema, na akacheka kicheko chake kile cha zamani, cha puani, mpaka mabega yakatikisika. Nami nikacheka, sikuweza kujizuia. Kisha akaacha kucheka na akaweka kisu chake chini.

"Mwezi wa pili ule, nilikuwa na wengine wa kuachia Divine. Dada yangu mukubwa alikuwa Gatsata. Na yule mama jirani, alimulea tangu mudogo. Walikuwa karibu, ningekuwa namuona kila siku. Weye uko mbali, na bwana yako simujui. Siku mbili sikukula, niko nawaza tu. Nikakumbuka ile Alhamisi."

Hakusema dada yake yuko wapi sasa, wala yule mama jirani. Najua walipo. Nilikiokota kisu changu kwenye beseni.

"Nilichelewa siku tatu," nikasema.

"Nilihesabu," akasema Beata.

Divine akatoka jikoni wakati huo, nywele zimefungwa kitambaa, karatasi na kalamu mkononi, ana haraka ya bibi harusi. Alikuwa anatengeneza orodha ya kumpa mshereheshaji, ajue kesho amtambulishe nani na kwa cheo gani. Alikuwa ameshawaandika wajomba wa bwana harusi na wanakwaya. Akaniangalia, akamwangalia mama yake. "Mama Zena nimuandike nani? Nimeweka mgeni wa heshima kutoka Tanzania."

"Futa," Beata akasema. "Andika mama."

Divine akafuta, akaandika bila kuuliza lolote, akarudi jikoni. Nami nikalia mbele ya Beata kwa mara ya pili maishani mwangu, ndizi imemenywa nusu mkononi, na yeye safari hii hakuniambia ninyamaze.